Futi Kamba

Miaka ishirini na mbili nimepima watu
hapa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani:
kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega,
namba naandika nyuma ya kalenda za zamani.
Kichwa sijampima mtu
ila Maalim Shehoza, aliyetaka kofia ya Idi,
na bado alilalamika inambana.

Leo changu kimepimwa mpaka ndani.

Daktari Nakiete ameiweka picha kwenye kioo,
Bombo, chumba cha mwisho,
feni inazunguka kama inadaiwa.
"Haya meupe," anasema, "ni makovu."
Nayaona: chaki kwenye kitambaa cheusi
ambayo fundi kasahau kuipangusa.
Kayahesabu, kumi na saba.
Kapima na ujazo wake.
Yakikusanywa yote hayajazi kijiko cha chai.

Kijiko cha chai!
Ndicho kilichoniangusha bombani mbele ya foleni,
ndoo ikanimwagikia,
Mama Chausiku akasema nimerogwa,
na mwingine akainama kuninusa mdomo.

Mwaka jana yalikuwa mangapi?
"Kumi na moja."
Lakini mwaka jana ndio sikuweza kufunga kifungo,
mwaka jana mguu wa kulia ulikanyaga pedeli
kama mguu wa mtu mwingine, tena mwenye usingizi.
Mwaka huu makovu yameongezeka, nami natembea.
Basi daktari, nani mwongo,
picha au mguu?

Hakucheka. Alivua miwani.
"Hakuna mwongo. Kovu likikaa uani, watu hulipita.
Likikaa mlangoni, hata dogo,
nyumba nzima haitoki."
Kisha akasogeza kidole katikati ya picha,
penye bonde jeusi la maji.
"Mimi nawe tutazame hapa.
Mwaka jana milimita nne. Sasa tano na nusu.
Maji hutanuka pale nyama ya ubongo inapopungua.
Hapa hapana kelele,
ila kwako hapa ndipo panapokwenda na hatua zako."

Milimita moja na nusu.
Mimi huipoteza kwenye mshono
bila hata kumwomba mteja radhi.

Nilimwelewa kwa kazi yangu.
Januari mzazi huja kamshika mtoto mkono:
"Mkatie kubwa, fundi, atakua."
Nami naacha pindo la vidole vinne.
Ubongo wangu ni mtoto aliyevishwa sare
kisha akaanza kukua kinyume.
Fuvu ni lile lile.
Ndani yake kunapwaya.

Akanipa vijiti tisa, nivichomeke kwenye matundu tisa,
yeye macho kwenye saa.
Mkono wa kulia, sekunde thelathini na nne.
Akanitembeza koridoni, akaandika.

Nikamwambia, andika na haya, kwenye picha hayamo:
jua la Februari likisimama utosini
macho yanaingia ukungu, cherehani naifunika
mpaka alasiri.
Uzi siku hizi ananitungia Rehani, mwanangu, miaka tisa,
na sindano huilamba kwanza, nimemkataza hasikii.
Toka mlangoni hadi kwenye cherehani
zilikuwa hatua kumi na moja. Sasa kumi na sita,
na chumba hakuna aliyekirefusha.

Akaandika. Pembezoni mwa faili,
mwandiko ukipanda juu kwa kukosa nafasi.

Nimerudi nyuma ya baiskeli ya kukodi.
Dukani ananingoja mtoto wa muuza mkaa,
darasa la kwanza, masizi mpaka masikioni.
Naizungusha futi kamba kifuani pake.
Vidole havihisi ukingo wake, macho yanasoma.
"Vuta pumzi," namwambia. "Haya, iache."
Kati ya pumzi hizo mbili
futi imesema namba mbili tofauti,
na zote ni kifua chake.

Naandika ile kubwa.
Naacha pindo.